Marashi ya Waridi: Historia Yake na Hukumu Zake katika Fiqhi

  

Makala hii imetokana na ndoo moja ya maji. Huko Busunzu, katika nyanda za juu za Kigoma upande wa Kibondo na Kasulu, imamu wa msikiti mdogo alinikalisha barazani baada ya swala ya Ijumaa akanieleza mzozo uliokuwa umewagawa watu wake. Kijana mmoja alikuwa na mazoea ya kutia vifuniko viwili vitatu vya marashi ya waridi katika ndoo ya maji ya kuoga kila Ijumaa, kwa kuwa amesikia kuwa kujitia manukato siku hiyo ni sunna. Siku nyingine huamka na janaba, akaoga maji hayo hayo. Mwenzake akamwambia: josho lako ni batili, na swala zako zote ulizoswali kwa josho hilo zirudie. Haikupita miezi mingi akafariki mzee mmoja. Baada ya kufukiwa, mjukuu wake akatoa chupa ya marashi akanyunyiza juu ya kaburi, na pale pale wengine wakapaza sauti kuwa ni bidaa. Wafiwa wakaondoka makaburini na huzuni mbili.

Imamu yule aliniambia, "Shehe, sisi huku hatuna maktaba. Mtu akisoma kijitabu kimoja anatukatia hukumu wote." Nilimwahidi kuandika. Nilipoanza kufungua vitabu nikaona kuwa suala la waridi limetawanyika katika milango mingi ya fiqhi: tohara, janaza, hija, eda, hata biashara. Nitajitahidi kuyakusanya hapa, na msingi wangu ni madhehebu ya Imam Shafii (r.a.), kwa kuwa ndiyo wanayoyafuata watu wetu wengi, pamoja na kugusa kauli za wengine panapohitajika.

Waridi katika Qur'an na Sunna

Neno warda limekuja katika Qur'an mara moja, katika Surat Rahman aya ya 37, nalo halikuja kwa ajili ya harufu. Allah anaeleza mbingu itakavyopasuka Siku ya Kiyama, ikawa nyekundu mfano wa waridi. Kwa upande wa harufu nzuri, Qur'an imetaja rehani, kafuri na miski. Vivyo hivyo katika Hadithi: manukato yanayotajwa kuwa yalitumiwa na Mtume (s.a.w.) ni miski, na udi uliochanganywa na kafuri ambao Ibn Umar (r.a.) alijifukiza akaeleza kuwa ndivyo alivyofanya Mtume, na dharira ambayo Bi Aisha (r.a.) alimpaka katika hija ya kuaga. Miski ndiyo aliyoieleza kuwa manukato bora kuliko yote, kama ilivyo katika Sahih Muslim. Waridi sikulikuta katika orodha hiyo.

Je, hilo linalipunguzia kitu? Hapana. Dalili za manukato zimekuja kwa ujumla. Imam Nasai amepokea kutoka kwa Anas (r.a.) kuwa Mtume alisema amependezeshewa katika dunia wanawake na manukato, na kitulizo cha jicho lake kimewekwa katika swala. (Wengi wetu tumezoea kuisimulia Hadithi hii kwa kuanza na "vitu vitatu". Wajuzi wa Hadithi, akiwemo Ibn Hajar, wamebainisha kuwa neno "vitatu" halimo katika njia zake zinazojulikana.) Bukhari amepokea kuwa Mtume hakuwa akirudisha manukato anapopewa, na katika Muslim yumo Abu Hurayra (r.a.) akisimulia kuwa mtu akipewa rehani asiikatae, kwa sababu ni nyepesi kubeba na ina harufu nzuri. Kwa hiyo ndugu yako akikunyooshea chupa ya marashi mlangoni mwa msikiti, usimwambie "mimi situmii". Nyoosha mkono upokee.

Ama Ijumaa, Hadithi ya Salman Farsy (r.a.) iliyo katika Bukhari inamtaja mtu anayeoga, akajisafisha kadiri awezavyo, akajipaka mafuta au akagusa manukato ya nyumbani kwake, kisha akaenda msikitini bila kuwapasua watu wawili waliokaa pamoja, akaswali na kunyamaza imamu anapohutubu, kuwa husamehewa ya baina ya Ijumaa ile na nyingine. Tazama maneno "manukato ya nyumbani kwake". Hakulazimishwa mtu kutafuta miski ya mbali. Mwenye marashi ya waridi yanamtosha, na asiye na kitu sabuni yake inamtosha.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa kuwa kuna jambo linarudiwa sana kwenye mikusanyiko yetu. Inasimuliwa kuwa waridi liliumbwa kutokana na jasho la Mtume (s.a.w.) usiku wa Miraji. Nimeisikia Dar es Salaam, nimeisikia Ujiji, na Busunzu pia nimeikuta. Imam Nawawi alipoulizwa alisema haikusihi. Imam Sakhawi ameinukuu kauli hiyo katika kitabu chake Al-Maqasid al-Hasana, na akamnukuu mwalimu wake Ibn Hajar kuwa ni Hadithi ya kutungwa. Ipo nyingine inayosema kuwa mwenye kunusa waridi asimswalie Mtume basi amemfanyia ukavu, nayo haina asili. Kumswalia Mtume ni ibada tukufu kila wakati, lakini haijengwi juu ya uongo aliozuliwa yeye mwenyewe. Anayetaka kulisifu waridi alisifu kwa harufu yake, inatosha.

Marashi yalivyofika kwetu

Kukamua harufu ya ua kwa moto na mvuke ni elimu ambayo Waislamu waliikuza sana. Ni kawaida kusikia kuwa Ibn Sina ndiye mgunduzi wa maji ya waridi. Si kweli. Ibn Sina alizaliwa mwaka 980, na karne moja kabla yake Yaqub bin Is-haq Al-Kindi, aliyefariki yapata mwaka 873 huko Baghdad, alikwishaandika kitabu kizima juu ya kutengeneza na kukeneka manukato. Ibn Khaldun, katika Muqaddima, ameorodhesha kodi iliyoletwa Baghdad kutoka majimbo wakati wa Khalifa Maamun, na katika mapato ya Fars yamo machupa 30,000 ya maji ya waridi. Hii ilikuwa mali ya dola, sawa na dirhamu na nafaka.

Baada ya Salahuddin Ayyubi kuirejesha Baytul Maqdis mwezi wa Rajab mwaka 583 Hijria, sawa na Oktoba 1187, maeneo yale matukufu yalioshwa kwa maji ya waridi, na wanahistoria wamemtaja mpwa wake Taqiyuddin Umar akishiriki kazi hiyo kwa mkono wake. Hadi leo Kaaba huoshwa kwa maji ya Zamzam yaliyochanganywa na maji ya waridi. Waridi la Taif linajulikana kwa hujaji wote. Huko Oman, juu ya Jabal Akhdar, wakulima huchuma waridi asubuhi mapema katika miezi ya Aprili na Mei, wakalipika katika majiko ya udongo. Mafuta yenyewe ya waridi, ambayo wazee wetu waliyaita halwaridi, ni ghali kupita kiasi, na sababu yake ni hesabu nyepesi: kilo moja ya mafuta inataka tani tatu hadi nne za majani ya ua, pengine na zaidi.

Kwetu Afrika Mashariki ushahidi wa wazi kabisa ninaoujua ni wa Ibn Battuta. Alipofika Mogadishu mwaka 1331 alipelekwa kwa kadhi, na mtumishi akaja kutoka nyumba ya sultani na sahani ya tambuu na popoo. Kisha akaleta chupa ya maji ya waridi ya Damascus, akamwagia mgeni na kadhi. Jamani, Damascus! Chupa ile imevuka jangwa na bahari mbili ili mwanachuoni mgeni apokewe kwa harufu nzuri. Baadaye akaendelea hadi Mombasa na Kilwa. Basi anayedhani marashi ni desturi iliyozuka Unguja wakati wa masultani wa Busaidi amechelewa kwa karne tano.

Lakini ni kweli kwamba Unguja iliyakuza. Mrashi wenye shingo ndefu, chetezo cha udi, kikuba cha maua: vyote hivi ni mali ya nyumba ya Kiswahili. Hata neno marashi limetokana na rashsha, yaani kunyunyiza. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, katika utenzi wake wa mwaka 1858, anamwusia binti yake juu ya manukato ndani ya maisha ya ndoa. Mwaka huo huo wa 1858 Burton na Speke walifika Ujiji wakawakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wamekwisha kuja kabla yao kwa njia ya Tabora. Kwa njia hiyo hiyo, na baadaye kwa reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, walikuja walimu na misahafu na vitabu vya Maulidi, na pamoja nao desturi za pwani. Ndivyo chupa ya marashi ilivyoweza kukaa juu ya kabati la nyumba ya Muha ambaye hajaiona bahari.

Ndoo ya maji

Sasa turudi kwa kijana wetu. Kanuni ni kwamba hadathi haiondoki ila kwa maji mutlaki, yaani kile ambacho mtu mwenye kukijua hukiita "maji" bila ya kuongeza neno jingine. Maji ya waridi yenyewe, hata kama ndani yake mna maji mengi kiasi gani, hayaitwi maji tu. Ukimtuma mtoto maji akakuletea chupa ya marashi utamwuliza una nini wewe. Kwa hiyo kutawadha au kuoga janaba kwa maji ya waridi matupu hakusihi, na hii ndiyo kauli ya jumuhuri. Imetajwa kauli ya Ibn Abi Layla na Al-Asamm kuwa inafaa, nayo haikufuatwa. Wafuasi wa Abu Hanifa wamekubali kuondoa najisi kwa kitu chepesi kilicho safi kama siki na maji ya waridi, lakini hilo ni katika kufua najisi, na udhu ni mlango mwingine. Kwetu sisi hata najisi haiondoki kwa hayo.

Je, yakichanganywa? Hapa ndipo kijitabu cha yule mwenzake kilipokosea. Si kila mchanganyiko unaharibu. Kitu kisafi kikichanganyika na maji kikayageuza kidogo, jina la maji likabaki, maji hayo yanaendelea kutoharisha. Dalili yake ni Hadithi ya Ummu Hani (r.a.) iliyopokewa na Nasai na Ibn Majah, kuwa Mtume (s.a.w.) na Bi Maimuna (r.a.) walioga katika chombo kimoja kilichokuwa na athari ya unga uliokandwa. Kinachodhuru ni mageuzi makubwa yanayoondoa jina: ladha, rangi au harufu igeuke kiasi kwamba watu wanasema "haya ni marashi" au "huu ni mchuzi wa maua".

Vifuniko viwili vitatu katika ndoo ya lita 20 huacha harufu hafifu tu. Josho lake ni sahihi. Na kama ana shaka iwapo mageuzi yalikuwa mengi au machache, basi asili ni kubaki maji katika hali yake ya kutoharisha, na yakini haiondoshwi kwa shaka. Swala hazirudiwi. Ingekuwa amemimina nusu chupa hadi ndoo nzima ikawa ndiyo harufu, hapo mwenzake angekuwa na haki, na swala alizoziswali kwa josho la janaba la aina hiyo angelazimika kuzilipa.

Wanavyuoni wetu wamekwenda mbali zaidi katika suala hili, na inapendeza kuona umakini wao. Wameuliza: vipi ikiwa maji ya waridi yenyewe yamechakaa, hayana harufu tena, hayana rangi wala ladha, kisha yakaingia katika maji? Kwa jicho huoni mageuzi yoyote. Wakasema yatakadiriwa. Utajiuliza, lau kilichoingia kingekuwa na sifa tofauti za wastani, ladha kama ya komamanga, rangi kama ya maji ya zabibu, harufu kama ya ladani, je, kiasi hicho hicho kingeyageuza maji sana? Ikiwa ndiyo, maji hayatoharishi. Mfano huu wa maji ya waridi yaliyokatika harufu umo katika vitabu vya Kishafii hata watoto wa chuo huusoma, na wengi wetu huupita haraka tukidhani ni fumbo la kuwachosha wanafunzi. Chupa za zamani zilizokaa juu ya makabati yetu zinatuambia si fumbo.

Na anayelima waridi uani, ambalo hali ya hewa ya ubaridi ya milima ile inalifaa, akaloweka majani yake ndani ya maji? Ikiwa majani yamebaki mazima yakaazima maji harufu tu, huyo ni jirani wa maji, mujawir, wala hadhuru. Ikiwa yamefikichika yakachanganyika hadi maji yakageuka sana, inadhuru. Ushauri wangu kwa kijana ni mwepesi: oga kwanza kwa maji matupu, jifute, kisha jipake marashi yako shingoni na nguoni. Utaipata sunna ya josho na sunna ya manukato, na harufu itadumu zaidi kuliko kuimwaga bafuni.

Hujaji na halua

Katika ihram manukato ni haramu kwa mwanamume na mwanamke. Kwa Shafii kila kinachokusudiwa zaidi kwa harufu yake ni manukato, na waridi ni miongoni mwao bila ya ubishi. Tufaha na ndimu zina harufu nzuri lakini hukusudiwa kuliwa, kwa hiyo hazimo. Imam Nawawi ametofautisha baina ya ua na maji yake. Mwenye kuliweka waridi puani akanusa amejitia manukato, kwa sababu ndivyo ua linavyotumiwa. Ama mwenye kunusa tu chupa ya maji ya waridi hajajitia, kwa kuwa matumizi yake ni kuyamimina mwilini au nguoni. Kukaa kwenye duka la manukato, au kuwa karibu na Kaaba inapofukizwa, hakuna fidia.

Kujipaka kabla ya kuingia katika nia ni sunna, kwa Hadithi ya Bi Aisha (r.a.) aliyempaka Mtume (s.a.w.) kwa ihramu yake, na harufu ikibaki mwilini baada ya nia haidhuru. Aangalie tu asitie katika nguo ya ihram, maana akiivua akaivaa tena ingali na harufu amejitia upya.

Jambo ambalo hujaji wetu hawaambiwi ni chakula. Halua nyingi ya Oman na ya Unguja hutiwa zafarani na maji ya waridi. Jamaa wakimfungia hujaji kopo la halua, naye akaila akiwa katika ihram huku harufu au ladha ya manukato ipo dhahiri, kwa madhehebu yetu inampasa fidia: achinje kondoo au mbuzi, au afunge siku tatu, au alishe masikini sita, kila mmoja nusu pishi ya Mtume, na yeye ndiye mwenye kuchagua. Asili yake ni aya ya 196 ya Surat Baqara na kisa cha Kaab bin Ujra (r.a.). Aliyesahau au asiyejua hana fidia. Lakini wewe uliyesoma haya umekwisha kujua! Mwambie hujaji aile halua kabla ya miqati au aiweke mpaka atakapotahalali.

Kaburi na eda

Katika kumwosha maiti, Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza wanawake waliomwosha binti yake watie kafuri katika josho la mwisho, kama alivyosimulia Ummu Atiyya (r.a.). Kafuri ndiyo iliyotajwa. Marashi ya waridi juu ya sanda hayakatazwi, kwa kuwa kumtia maiti manukato ni jambo la kisharia, isipokuwa aliyekufa akiwa katika ihram, maana Mtume alikataza asitiwe manukato yule aliyeanguka kutoka kwa mnyama wake Arafa.

Kunyunyiza kaburini ni suala jingine. Iliyo sunna ni kunyunyiza maji, na wakapendekeza yawe safi na baridi. Kuhusu maji ya waridi, vitabu vikubwa vya Kishafii vinavyosherehesha Minhaj vimesema ni makruhu, na sababu waliyoitaja ni kupoteza mali. Kisha wakamnukuu Imam Subki kuwa hapana ubaya kwa kiasi kidogo ikikusudiwa kuhudhuria Malaika, kwani wao wanapenda harufu nzuri.

Itazame ibara hiyo kwa utulivu. Hakuna aliyesema haramu. Wenye kuona makruhu walitazama pesa ya mayatima inayomwagwa mchangani, na pesa hiyo Busunzu inaonekana zaidi kuliko mjini. Mwenye kuruhusu aliruhusu kidogo. Kama chupa imenunuliwa kutoka mali ya marehemu kabla ya kugawanywa, na miongoni mwa warithi wamo watoto wadogo, mimi namwambia mjukuu: acha. Kama ni pesa yake na ni matone, sioni sababu ya mtu kumpigia kelele juu ya kaburi la babu yake. Aliyepaza sauti siku ile alikusudia kuzuia makruhu akaangukia katika kuwaudhi wafiwa, na kuwaudhi Waislamu hakuna kitabu kilichosema ni makruhu tu.

Ama mjane wa mzee yule, yeye ndiye aliyehitaji kuelezwa, na hakuna aliyemkumbuka. Mwenye eda ya kufiwa na mume haruhusiwi manukato kwa miezi minne na siku kumi, au mpaka ajifungue akiwa mjamzito. Marashi ya waridi yamo katika katazo, mwilini na nguoni. Na yuko mkali zaidi kuliko muhrimu katika jambo moja: manukato aliyokuwa nayo mwilini wakati eda inaanza inampasa ayaondoe, wakati muhrimu huachiwa yale aliyojipaka kabla. Akitoharika na hedhi ameruhusiwa kipande kidogo cha kusti au adhfari kuondoa harufu. Wasio wake za marehemu, kama binti na dada, wasizidi siku tatu. Bi Ummu Habiba (r.a.) alipofiwa na baba yake Abu Sufyan aliagiza manukato akajipaka, akaeleza kuwa hana haja nayo ila kwa ajili ya katazo alilolisikia kwa Mtume.

Kwa mwanamke asiye na eda, nyumbani kwake na mbele ya mumewe manukato ni jambo jema. Kutoka nayo kwenda msikitini au kupita mbele ya wanaume kumekatazwa kwa Hadithi za Muslim na za Sunan. Hili linajulikana na wengi, sina haja ya kulirefusha.

Kilichomo ndani ya chupa

Swali la mwisho la imamu lilikuwa la alkoholi. Chupa nyingi zinazofika sokoni kwa bei ya chini hazina waridi hata moja. Harufu yake imeundwa viwandani kwa vitu kama feniletili alkoholi, jeranioli na sitroneloli, ambavyo vimo pia ndani ya ua lenyewe. Hapa lazima tufahamu lugha ya kemia. Jina "alkoholi" kwa wakemia ni la ukoo mzima wa vitu, na wengi katika ukoo huo si vileo. Feniletili alkoholi imo katika waridi alilolichuma bibi yako uani, na hakuna aliyelewa kwa kunusa waridi. Kwa hiyo kuliona neno hilo kwenye kibandiko hakutoshi kuhukumu. Kinachoulizwa ni ethanoli, ambayo ndiyo iliyomo katika pombe, na ambayo hutumika kuyeyushia manukato ya kupuliza.

Jumuhuri, na Shafii wakiwemo, wameona khamri ni najisi. Rabia, Layth bin Saad, na Muzani mwanafunzi wa Shafii, waliona ni haramu kunywa lakini si najisi. Wanavyuoni wa zama hizi wamekhitilafiana kama ethanoli ya kiwandani inaingia katika hukumu ya khamri. Sheikh Abdulrahman Al-Jaziri, aliyefariki mwaka 1941, ametaja katika kitabu chake cha fiqhi ya madhehebu manne, miongoni mwa yanayosamehewa, vimiminika najisi vinavyotiwa katika dawa na manukato kwa ajili ya kuvitengeneza, kwa kiasi kinachohitajika. Baraza la fiqhi la Rabita huko Makka, katika kikao chake cha mwaka 2002, liliruhusu alkoholi kutumika nje ya mwili katika kusafishia vidonda na katika krimu na mafuta ya kupaka.

Basi mwenye kutumia ana wa kumfuata, wala swala yake isibatilishwe na mtu. Mwenye kutaka kutoka katika khilafu anunue ya mafuta au marashi ya maji yasiyo na ethanoli. Mimi mwenyewe hutumia ya mafuta ninapoyapata, na sijamkataza mtu ya pili. Ama kuwa harufu ni ya kiwandani, hilo halibadilishi hukumu ya ihram wala ya eda, kwa sababu kinachozingatiwa ni kukusudiwa kwa harufu.

Limebaki jambo la muuzaji. Watu wa Kibondo ni wafugaji wa nyuki, na wanajua hasira ya kuuziwa asali iliyochanganywa na sukari. Maji ya kisima yaliyotiwa rangi na matone ya harufu ya kiwandani, kisha yakauzwa kwa jina la maji ya waridi ya Taif, ni hadaa ile ile. Shayzari, aliyeandika kitabu cha hisba zama za Salahuddin, ametenga mlango mzima wa wauza manukato na hila zao. Na Hadithi ya Muslim juu ya mwenye chakula aliyeficha kilicholowana chini, Mtume (s.a.w.) alipoingiza mkono wake akakuta unyevu, inamhusu mwenye chupa kama inavyomhusu mwenye gunia. Muuzaji aseme "hii ni harufu ya waridi ya kutengenezwa", auze kwa bei yake, na biashara yake ni halali. Mnunuzi aliyehadaiwa ana haki ya kurudisha.

Nilimtumia imamu nakala ya haya kwa mkono wa dereva wa basi la Kasulu. Jibu lake lilikuwa na swali moja jipya: kufunga. Kunusa waridi au rehani mchana wa Ramadhani hakufunguzi, ila kwa mfungaji ni makruhu kwa Shafii, kwa kuwa ni anasa isiyonasibiana na saumu. Ijumaa ya Ramadhani baadhi ya watu wake hujipaka usiku wake, kabla ya alfajiri. Nimemjibu kuwa wamefanya vizuri, na harufu itakayobaki hadi wakati wa khutba haina neno.

Wallahu aalam.